Kusoma Fasihi ya Zamani kwa Jicho la Mageuko: Mwongozo Kamili

Chama chetu kilianza kama vyama vingine vya hapa Kisumu: kila Jumamosi tunachanga, mmoja wetu anapokea, wengine tunangoja zamu. Mwaka wa tatu tukaongeza kitabu. Tunakutana chumba cha nyuma cha hoteli moja ya samaki, si mbali na soko la Kibuye. Tunakunywa strungi, tunahesabu michango, halafu tunafungua kurasa. Wanachama ni mama muuza omena, fundi wa cherehani, kijana wa bodaboda, karani mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee, na mimi niliyefundisha fasihi mpaka mvi zikanikuta darasani.

Mimi ndiye niliyeleta saikolojia ya mageuko mezani, yaani elimu inayosoma tabia za binadamu kama kitu kilichoundwa na mageuko, na mara ya kwanza niliiharibu. Tulikuwa tunasoma Othello ya Shakespeare, nami nilikuwa na jibu la kila kitu. Othello ana wivu wa dume asiyejua kama mtoto atakayezaliwa ni wake. Desdemona, mkewe, kachagua cheo. Iago, askari wake anayemchongea, kanyimwa cheo. Nikafunga daftari nikijiona nimemaliza kazi. Fundi akaniangalia kama anavyoangalia suruali iliyokatwa vibaya, akasema, "Mwalimu, ufunguo unaofungua kila kufuli si ufunguo, ni mtaimbo."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo. Mwongozo huu ndio niliorudi nao, na tumeutumia kwa vitabu kadhaa tangu siku ile. Kiini chake ni kimoja: elimu hii usiitumie kueleza hadithi, itumie kutabiri hadithi. Pale utabiri wako unapogonga ukuta ndipo mwandishi alipofanya kazi yake, na ndipo pa kukaa.

Elimu yenyewe inasema nini

Charles Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859, na kile cha asili ya binadamu na uteuzi wa kijinsia mwaka 1871. Saikolojia ya mageuko inaendeleza hoja yake: kama mkono na jicho viliundwa na uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi ya wengine, basi hofu, wivu, uchungu wa mwana na hamu ya sifa navyo vilipita tanuri hilohilo. Watu wa Kisumu hatuhitaji kwenda mbali kuliamini hili. Kisiwani Rusinga, humu humu ziwani, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita.

Kwa msomaji wa fasihi, vyombo vinne vinatosha.

Cha kwanza ni undugu. William Hamilton alionyesha mwaka 1964 kwamba mnyama anaweza kujitolea kwa ajili ya mwenzake ikiwa faida anayopata mwenzake, ukiizidisha kwa kiwango cha damu wanayochangia, inazidi hasara yake mwenyewe. Mtoto wako ni nusu yako. Ndugu wa baba na mama mmoja ni nusu, ndugu wa baba mmoja tu ni robo, binamu ni moja ya nane. Inasimuliwa kwamba mwanabiolojia Haldane alitania kuwa yuko tayari kufa kwa ajili ya ndugu wawili au mabinamu wanane. Wahenga wetu waliifupisha zaidi: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Cha pili ni malezi. Robert Trivers alieleza mwaka 1972 kwamba mzazi anayegharamika zaidi kwa mtoto huchagua mwenzi kwa uangalifu zaidi. Miaka miwili baadaye akaongeza kwamba mzazi na mtoto hawana maslahi yaleyale hata wakipendana, maana mzazi anagawa kwa wengi na kila mtoto anajitakia lake.

Cha tatu ni nipe nikupe, cha Trivers tena, 1971: wema kati ya wasio ndugu hudumu pale ambapo watu watakutana tena na mdanganyifu anakumbukwa. Mkono mtupu haulambwi.

Cha nne ni ishara ya gharama. Amotz Zahavi alisema mwaka 1975 kwamba ishara inaaminika ikiwa ni ghali kuigiza. Maneno ni rahisi, ng'ombe si rahisi.

Wapo waliovipeleka vyombo hivi kwenye fasihi kwa utaratibu. Joseph Carroll alitoa kitabu mwaka 1995, na Brian Boyd mwaka 2009. Nimewasoma kwa faida, lakini huhitaji kuanza nao. Anza na hadithi.

Hatua ya 1: Chagua kazi yenye ukoo na mali

Vyombo hivi hufanya kazi vizuri pale watu wanapogombea kiti, shamba, mchumba au mtoto. Shairi la mandhari halitakupa kitu. Shakespeare na Jane Austen wanapatikana bure kwenye simu kupitia maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na nakala za mtumba za Shakespeare zimejaa kwa wauza vitabu kwa sababu zilitahiniwa shuleni miaka mingi. Anayetaka Kiswahili atafute Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, au Makbeth na Mfalme Edipode kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Na usiwaache wa nyumbani: Utendi wa Fumo Liyongo, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, hadithi za Grace Ogot, ngano za Kano na Karachuonyo. Chama chetu huchanganya, cha mbali kimoja, cha hapa kimoja, na mara nyingi cha hapa ndicho kinachotoa jasho.

Hatua ya 2: Soma hadi njia panda, ufunge kitabu

Soma kama mtu wa kawaida, bila kalamu. Ukifika mahali ambapo mhusika lazima aamue jambo kubwa, simama. Chukua kikaratasi uandike mistari mitatu: nani ataamua nini, chombo gani kinakuambia hivyo, na ni kitu gani kikitokea utakubali umekosea. Mstari wa tatu ndio wenye thamani. Bila huo unarudi kwenye mtaimbo.

Sisi tunatumbukiza vikaratasi kwenye kopo tupu la Blue Band, na hatulifungui mpaka kitabu kiishe. Kijana wa bodaboda alitaka tuweke na shilingi ishirini kila mtu, mshindi achukue. Mama wa omena akakataa, akasema tutaanza kusoma kwa ajili ya kopo. Sikubaliani naye sana, lakini yeye ndiye mweka hazina.

Hatua ya 3: Chora ukoo na uandike mali

Kabla ya kusoma mara ya pili, tumia ukurasa mzima kuchora nani kazaliwa na nani. Weka alama kwa baba mmoja mama tofauti, mtoto wa nje ya ndoa, mjane, mgumba. Kando ya kila jina andika anachomiliki na atakachorithi.

Tulifanya hivyo kwa King Lear. Mfalme mzee ana mabinti watatu na anataka kugawa nchi angali hai. Mzee alipoona mchoro tu alitikisa kichwa: "Huyu amekosea kabla hajafungua mdomo. Mtu hagawi boma lote akabaki mgeni wa watoto." Lear anawaambia mabinti waseme kwa maneno nani anampenda zaidi, na atapima ardhi kwa jibu. Weka chombo cha nne hapo. Anauza ufalme kwa ishara isiyogharimu hata senti. Goneril na Regan wanalipa kwa maneno, Cordelia anakataa kutoa noti bandia, na baba anamnyima kila kitu.

Kisha soma mistari inayofuata polepole, maana wengi huiruka. Wachumba wawili wa Cordelia wapo palepale. Katika jamii ile mali ya ndoa ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, kinyume na huku kwetu, jambo lililowachekesha sana wanachama. Mtawala wa Burgundy anasikia binti hana kitu, anarudi nyuma. Mfalme wa Ufaransa anamchukua mikono mitupu. Kwa hiyo ndani ya onyesho moja Shakespeare ameweka mizani ya uongo na mizani ya kweli: baba anapima mapenzi kwa maneno, na mgeni anayapima kwa hasara anayokubali kuibeba. Kama si mchoro wenye safu ya mali, nisingeiona. Nilikuwa nimefundisha tamthilia hii mara nyingi.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa kila mtu peke yake

Hapa ndipo pana utamu. Watu wakijifunza kanuni ya Hamilton huipiga kwa "familia" nzima, kana kwamba familia ina mfuko mmoja. Kila mtu ana hesabu yake. Mfano wetu bora ni hadithi fupi ya Grace Ogot, The Rain Came, iliyomo katika mkusanyiko wa 1968, Land Without Thunder. Ukame umekausha nchi. Chifu Labong'o anaambiwa mvua haitakuja mpaka Oganda, binti yake wa pekee, atolewe kwa jitu la ziwani. Anakubali.

Kijana wa bodaboda alichora jedwali nyuma ya risiti ya petroli. Labong'o kwanza. Oganda ni nusu yake. Lakini chifu ana watoto wengine kwa wake zake wengine, na ukame ukiua wanne tu kati yao, amepoteza nusu nne. Kwa kanuni kavu, kumtoa mmoja kunalipa. Akatua kalamu, ameridhika.

Mama wa omena akamwambia, "Sasa andika ya Minya."

Minya ni mama yake Oganda, na hana mtoto mwingine. Watoto wa wake wenza hawana tone la damu yake. Upande mmoja wa mizani yake kuna nusu, upande wa pili hakuna kitu. Kijana aliandika sifuri, akaitazama. Mama akasema, "Chifu anatoa mmoja katika wengi. Minya anatoa wote. Na wanamwambia asilie, ni heshima." Kikao kilinyamaza, hata mhudumu aliyeleta chai alisimama na sinia.

Hukumu ni moja, nyumba ni moja, ila hesabu ni mbili zisizopatana. Ukiisoma hadithi kwa jicho la "jamii inajitolea" hutaona ufa huo. Kisha tukapiga ya Oganda mwenyewe. Ndugu zake kwa baba ni robo kila mmoja. Akiokoa zaidi ya wanne amelipa deni la uhai wake. Kijana akasema, basi aende, hesabu inakubali. Mzee akauliza kwa upole, "Kama inakubali, mbona analia njia nzima?"

Hapo ndipo ukuta ulipo, na hapo tukakaa karibu saa nzima. Oganda anatembea kuelekea ziwani, anaimba, analia, anatii. Osinda, kijana anayempenda, anamfuata na kumtorosha. Hilo la Osinda vyombo vinalieleza kwa urahisi kupita kiasi, kwa hiyo sikulipa muda. La maana ni mwisho: kafara haikutolewa, na mvua ikanyesha hata hivyo, kwa kishindo. Masharti yote ambayo kila mtu alikuwa akiyapigia hesabu hayakuwa masharti. Hakuna kikaratasi hata kimoja kwenye kopo kilichosema hivyo. Ogot aliwaacha wahusika wake, na sisi pamoja nao, tuhesabu mpaka tuchoke, halafu akafungua mbingu bure.

Ukitaka kazoezi, iweke kando ya hadithi ya Kigiriki ya Agamemnon, aliyemtoa binti yake Iphigenia ili apate upepo wa kusafirisha merikebu kwenda Troya. Katika tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 kabla ya Kristo, mama wa binti, Clytemnestra, anamngoja mume arudi vitani, anamuua. Yeye alikuwa na watoto wengine, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nyepesi kuliko ya Minya, na bado akashika silaha. Kwa nini Minya hakushika? Nawaachia.

Hatua ya 5: Weka hadithi zinazofanana sambamba

Chagua tukio moja, utafute kazi tatu zinazolibeba. Sisi tulichagua shujaa asiyeuawa mpaka siri yake itoke.

Luanda Magere wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe. Maadui zake wa Lang'o, yaani Wanandi, wakampa binti yao awe mkewe. Siku alipougua alimwambia mke amchanje kivuli badala ya ngozi, damu ikatoka, na siri ikapelekwa kwao. Mkuki ukalenga kivuli. Samsoni katika kitabu cha Waamuzi anaanguka kwa Delila kwa njia ileile. Kwa hadithi hizi mbili chombo cha undugu hakitoi jasho: mwanamke hana damu moja na mwanamume, hatuonyeshwi mtoto anayewaunganisha, na mke wa Magere ana wazazi na ndugu upande wa pili. Asingesaliti ndiyo ingekuwa habari.

Sasa leta Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wa Pwani. Mama yake yuko mahali pake kabisa: Liyongo akiwa gerezani, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, akijua walinzi watachukua mkate mzuri na kumwachia mfungwa ule mbaya. Ndivyo akili ya mama inavyotabirika, na bado inafurahisha. Lakini anayemuua Liyongo kwa sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe wa kuzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, ila nguo hii ni ya karibu mno. Unaweza kusema kijana alipima ndoa ya kifalme dhidi ya baba. Fundi alisema hivyo, na mimi nikakubali kidogo. Lakini mtoto wa Liyongo alikuwa na kinga ya jina la Liyongo mji mzima, na aliiua kwa ahadi, yaani kwa maneno matupu, ishara ileile ya bei rahisi aliyouziwa Lear. Tukiwa tumeweka tatu sambamba, tuliona kwamba utendi huu unatisha kuliko wenzake kwa sababu umevunja kitu ambacho hadithi nyingine zinakiacha kizima. Na picha ya mwisho, Liyongo amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, amekufa, watu wanaogopa kuteka maji: hiyo hakuna chombo kinachoigusa. Isome kwa sauti, unyamaze.

Hatua ya 6: Mtafute mhasibu aliye ndani ya kitabu

Vitabu vikubwa mara nyingi vina mhusika ambaye tayari anawaza kama sisi na vikaratasi vyetu. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, mhasibu ni Bi Bennet. Ana mabinti watano, na nyumba itarithiwa na Collins, ndugu wa mbali wa mumewe, kwa sababu hakuna mtoto wa kiume. Anajua Bingley ana pauni elfu nne au tano kwa mwaka na Darcy elfu kumi. Anachokisema juu ya hatari ya mabinti wake ni kweli tupu. Na Austen anamcheka toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Shida nzuri ni hiyo: mwandishi amempa hesabu sahihi mtu mwenye kichekesho. Charlotte Lucas, miaka 27, hana mali, anakubali kuolewa na Collins baada ya Elizabeth kumkataa. Nilipowauliza nani alifanya vibaya, nilitarajia wote wamtetee Elizabeth. Mama wa omena akamtetea Charlotte kwa nguvu.

Nikawaletea utafiti wa jirani zetu. Mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder alifanya kazi kwa Wakipsigis wa Abosi miaka ya 1980, akaona kwamba wanaume waliokuwa na ardhi zaidi ya kumpa mke mpya ndio waliopata wake kwa wepesi, hata kama tayari walikuwa wameoa. Kwa upana zaidi, David Buss alichapisha mwaka 1989 matokeo kutoka tamaduni 37, zaidi ya watu 10,000: wanawake, kuliko wanaume, walijali uwezo wa kipato wa mwenzi. Lakini mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood waliirudia data hiyohiyo, wakaona tofauti hiyo inapungua katika nchi ambako wanawake wana usawa zaidi. Mama akatikisa kichwa. "Nilipoolewa sikuwa na kitu, nilitazama ng'ombe. Sasa nina kibanda changu na mkopo wangu. Kama ningechagua leo ningetazama mdomo wake anavyocheka."

Andika basi kwenye daftari swali hili kwa kila kitabu: mhusika huyu anachagua kwa silika, au anachagua kwa sababu sheria ya urithi imemfungia milango mingine yote? Kwa Charlotte, mimi naona sheria zaidi ya silika. Mzee ananipinga mpaka leo.

Mwana Kupona naye apite hapa. Utendi wake ni mama mgonjwa anayemwachia bintiye mawaidha, mengi yakiwa ya kumridhisha mume. Vijana huusoma kama utii mtupu. Usome kama mali: mama hatakuwepo, na anagawa kitu pekee alichobaki nacho.

Hatua ya 7: Uliza kwa nini hadithi yenyewe haijafa

Mpaka hapa tumepima wahusika. Sasa pima ngano. Hadithi iliyosimuliwa vizazi kumi imechujwa na masikio ya wasikilizaji, na isiyogusa kitu ilisahauliwa. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, kijiji kilichozama. Bibi kizee alifika kwenye karamu, akafukuzwa, mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Huyo akaambiwa aondoke, na wengine maji yakawameza. Nipe nikupe inahitaji watu watakaokutana tena, na mgeni mzee hatarudi kulipa. Ngano inaziba pengo hilo: inamweka mlipaji mwingine, tena mkali, na kovu lake unaliona hadi leo likiwa na maji ya kijani.

Msimulizi naye atazamwe. Kristen Hawkes na wenzake, baada ya kukaa na Wahadza wa Tanzania, walipendekeza kwamba wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu nyanya mwenye nguvu za kuchimba mizizi aliwaokoa wajukuu. Chakula, sawa. Kwa Wajaluo wa zamani mabinti walilala siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, na huko ndiko walikopata ngano. Mimi napenda kuziweka hizi mbili pamoja, ingawa ni kupenda kwangu, si ushahidi.

Mitego

Mhusika hana jeni. Othello ni wino. Walio na akili iliyopita kwenye mageuko ni mwandishi na wewe. Ukisema "Othello alitaka kulinda kizazi chake", jirekebishe: Shakespeare alijua watazamaji wataelewa hofu hiyo bila kuelezwa.

Asili si ruhusa. Kijana mmoja aliyetutembelea alisikia habari za wivu akasema, kumbe wanaume wana haki. Tulimkatalia kwa sauti moja. Ugonjwa wa malaria nao ni wa asili.

Angalia takwimu zinazolingana mno na ngano. Martin Daly na Margo Wilson walionyesha kwa data za Amerika Kaskazini kwamba watoto wanaolelewa na mzazi wa kambo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa, na watu wakakimbilia kusema Sinderela imethibitishwa. Mwaka 2000 watafiti wa Uswidi walitazama data za nchi yao, hawakuona hivyo. Na mbele yangu anakaa fundi, aliyelelewa na mama wa kambo, ambaye bado kila Desemba hubeba sukari na sabuni kumpelekea nyumbani kwake Vihiga.

Mtego wa mwisho ni mtaimbo, nao nimeshausema.

Ukurasa wa daftari

Gawa safu nne: tukio na ukurasa, utabiri, kilichotokea, maneno yenyewe ya mwandishi pale utabiri uliposhindwa. Safu ya nne nakili kwa mkono, usipige picha. Mkono ukinakili sentensi unagundua mambo ambayo jicho linayaruka. Kwa kitabu kizima, tukio sita au saba zinatosha. Ukipata safu ya tatu inakubaliana na ya pili mara zote, ama kitabu ni chepesi, ama uliandika utabiri baada ya kuchungulia.

Jumamosi ijayo tunafungua kopo la Makbeth. Nimechungulia kikaratasi changu, kinyume cha sheria. Niliandika kwamba mtu asiye na mrithi hataua mgeni chini ya paa lake mwenyewe kwa ajili ya kiti ambacho wachawi wameshasema kitakwenda kwa wana wa Banquo, jemadari mwenzake. Alishaua. Na Bi Makbeth anasema amewahi kunyonyesha. Mtoto huyo yuko wapi? Mwaka 1933 mhakiki L. C. Knights aliwacheka wanaouliza swali hilo. Nitaliuliza, na fundi atanijibu.